Mwanga Usio na Ukingo: Uhakiki wa Lugha ya Vipimo vya Galaksi katika Kundi la Coma

0. Utangulizi

Sisi wanaisimu wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, utenzi, methali na hotuba. Ni mara chache tunapoichukua orodha ya vipimo vya kisayansi na kuisoma kama tunavyosoma matini nyingine yoyote: nani anasema, anasema nini, ananyamazia nini, na maneno aliyoyachagua yanamfanya msomaji aamini nini. Makala haya yanakusudia kufanya hivyo. Matini tuliyoichagua ni orodha ya vipimo vya nuru na muundo wa galaksi za upande wa kundi la Coma, iliyotolewa mwaka 2011 na Hoyos na wenzake kutokana na picha za darubini ya angani iitwayo Hubble. Tutaisoma pamoja na maandishi ya awali yaliyoipa msamiati wake.

Sababu ya uchaguzi huu ni kosa letu wenyewe. Tuliwahi kuombwa na wanafunzi tuwafasirie kwa Kiswahili mhadhara wa Kifaransa uliohusu kundi hilo. Tukafasiri neno kwa neno, tukaandika bila wasiwasi kwamba ndani ya makundi mazito «galaksi za baadaye hugeuka kuwa galaksi za mapema». Mwanafunzi mmoja wa fizikia akanyosha mkono, akauliza: «Mwalimu, samahani, huko Coma wakati unarudi nyuma?» Ukumbi ukacheka. Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumefasiri maneno yote na hatukufasiri maana hata moja. Tangu siku hiyo tumejiuliza kama kosa lilikuwa la mfasiri peke yake, au kama sehemu yake ilikuwa tayari ndani ya lugha tuliyokuwa tunaifasiri.

Hoja yetu ni hii: galaksi haina ukingo. Mwanga wake hufifia polepole hadi ukapotea ndani ya mwanga wa anga. Kwa hiyo kila tarakimu inayotaja nuru yake, ukubwa wake au umbo lake ni tarakimu iliyotokana na uamuzi wa mpimaji. Orodha njema huutaja uamuzi huo. Msamiati mbaya huuficha. Na lugha inayoanza leo kuunda istilahi zake, kama Kiswahili, haina wajibu wa kurithi maficho ya lugha nyingine.

1. «Kundi» na wanakundi

Coma ni kifupi cha jina la Kilatini la nyota zinazoitwa Nywele za Berenike. Nyuma ya nyota hizo, mbali sana nazo, kwenye umbali wa miaka-nuru milioni 320 hivi, limo kundi lenye galaksi zaidi ya elfu moja. Katikati yake zinatawala mbili kubwa mno, NGC 4874 na NGC 4889. Abell aliliingiza kundi hilo katika orodha yake ya mwaka 1958 kwa nambari 1656.

Orodha ya 2011 inataja galaksi 8814 zilizopatikana katika picha za viwanja 25. Kazi yenyewe ilikatizwa: kamera iliyokuwa ikipiga picha hizo iliharibika Januari 2007 kabla ya kumaliza viwanja vilivyopangwa. Msomaji wa haraka atasema: «Galaksi 8814 za Coma zimepimwa.» Atakuwa amekosea, na waandishi wenyewe wanamwambia hivyo waziwazi. Kati ya hizo, 424 tu ndizo zilizokuwa zimepimwa kasi ya kwenda mbali nasi kwa njia ya rangi za mwanga wao. Na kati ya 424, ni 163 zilizothibitishwa kuwa wanakundi, yaani zinazokwenda kwa kasi iliyo karibu na ile ya Coma, kilomita 7,000 hivi kwa sekunde. Nyingi kati ya zilizosalia ni galaksi za mbali zaidi, ambazo zimeonekana hapo kwa sababu ziko kwenye mstari uleule wa macho.

Hapa neno letu «kundi» linahitaji tahadhari. Katika Kiswahili kundi la ng'ombe lina mchungaji, naye anajua aliye wake na aliyepotea njia akaingia. Picha haina mchungaji. Inaonyesha ng'ombe wote walio kati ya jicho na upeo wa macho. Kwa hiyo tunapendekeza tofauti mbili za kusema zisichanganywe: «galaksi za kundi la Coma», kwa zile zilizothibitishwa, na «galaksi za upande wa Coma», kwa zote zilizomo pichani. Tofauti ni ya neno moja, lakini inabeba galaksi elfu nane na zaidi.

2. «Ukubwa» usio ukubwa

Safu ya kwanza ya vipimo katika orodha kama hii ni ile ambayo Kifaransa huiita «magnitude». Wafasiri wengi, nasi tukiwa miongoni mwao, tumeandika «ukubwa». Ni tafsiri sisisi, na matokeo yake ni mabaya. Mwanafunzi anayesoma kwamba galaksi moja ina ukubwa wa 14 na nyingine ukubwa wa 20 atafikiri kwamba ya pili ni pana zaidi, ilhali tarakimu hiyo haitaji upana hata kidogo. Tena inakwenda kinyume: ya 20 ndiyo hafifu zaidi.

Kipimo hiki kilitokana na desturi ya kale ya kuzipanga nyota kwa vyeo: zilizong'aa sana ziliwekwa katika cheo cha kwanza, na zilizoonekana kwa shida katika cheo cha sita. Mwaka 1856 Pogson aliipa desturi hiyo hesabu: hatua tano za vyeo zilinganishwe na tofauti ya mwanga ya mara 100 kamili. Kwa hiyo kati ya galaksi ya 14 na galaksi ya 20 kuna tofauti ya mara 250 hivi.

Ikiwa asili ya dhana ni cheo, basi Kiswahili kina neno: «daraja». Hakuna Mswahili anayeshangaa kusikia kwamba daraja la kwanza liko juu ya daraja la sita. Amelijua hilo shuleni. «Daraja la mwanga» linaeleza yale ambayo «ukubwa» uliyapotosha, na linaiacha nomino «ukubwa» ifanye kazi yake ya kawaida ya kutaja upana.

Vivyo hivyo, Kiswahili kina maneno kadhaa ambayo fizikia inaweza kuyagawia kazi. Tunapendekeza «nuru» iwe ile ambayo galaksi yenyewe inaitoa. «Mwanga» uwe ule unaotufikia. Na «mng'ao wa eneo» uwe mwanga unaohesabiwa kwa kila kipande kidogo cha anga. Mgawanyo huu haumo katika matumizi ya kila siku, na hatudai kwamba umo. Tunadai tu kwamba anayefasiri bila mgawanyo wowote atatumia neno moja kwa mambo matatu, na msomaji hatajua limebadilika lini.

3. «Jumla» na ukingo

Sasa tufike kwenye kiini. Orodha inatoa kwa kila galaksi daraja la «jumla» ya mwanga wake. Jumla hiyo imepatikanaje, ikiwa galaksi haina ukingo?

Njia yenyewe ni hii. Programu ya kompyuta huanza na kiolezo cha galaksi: umbo la duara au duaradufu ambalo mng'ao wake unapungua kutoka katikati kwa kanuni moja. Kisha hukitia kiolezo ukungu uleule ambao darubini huutia picha zake, hukilinganisha na picha halisi, halafu hurekebisha tarakimu zake mara nyingi hadi tofauti iwe ndogo kabisa. Mwishoni zinabaki tarakimu chache: daraja la mwanga, rediasi ambayo ndani yake imo nusu ya mwanga, ubapa wa umbo, mwelekeo wake, na tarakimu moja iitwayo kielezo cha Sérsic, ambayo huandikwa n.

Kielezo n kinaeleza jinsi mwanga ulivyosambazwa. Kikiwa 1, galaksi inafifia kwa mwendo wa kawaida wa sahani za galaksi zenye mikono. Kikiwa 4, mwanga umerundikana sana katikati, na wakati huohuo una mkia mrefu unaokwenda mbali. Kanuni ya 4 ilitolewa na de Vaucouleurs mwaka 1948 kwa ajili ya galaksi za duaradufu, na wengi waliiita sheria. Mwaka 1963 Sérsic wa Argentina aliiachia tarakimu hiyo ibadilike. Mwaka 1993 Caon, Capaccioli na D'Onofrio walionyesha kwamba galaksi za duaradufu hazina n moja. Kwa jumla, zilizo kubwa zina n kubwa zaidi. Kumbe kilichoitwa sheria kilikuwa mfano mmojawapo. Somo kwa mwanaistilahi ni kwamba neno «sheria» lisitolewe haraka. «Kanuni» inatosha, kwa kuwa kanuni hukubali kurekebishwa.

Tazama jinsi n inavyogusa neno «jumla». Tukipima mwanga hadi mara nne ya rediasi ya nusu-nuru, kiolezo chenye n = 1 kitakuwa kimetupa sehemu 99 katika 100 za mwanga wake wote. Kiolezo chenye n = 4 kitakuwa kimetupa 85 tu. Sehemu 15 zilizobaki ziko nje, zimetandazwa juu ya eneo kubwa, hafifu kuliko anga lenyewe. Hakuna aliyeziona moja kwa moja; kanuni ndiyo iliyozihesabu. Kwa galaksi ya namna hiyo, «jumla» ni jambo ambalo kwa sehemu limepimwa na kwa sehemu limesadikiwa. Mpimaji akikosea kidogo tu katika kukadiria mwanga wa anga, n itapanda au kushuka, na jumla itaifuata.

Ndani ya kundi shida huzidi. Mkia wa mwanga wa NGC 4874 unafunika galaksi ndogo zilizo karibu nayo, kama kivuli cha mwembe kinavyofunika mihogo iliyopandwa chini yake. Kuipima galaksi ndogo kunataka kwanza kuuondoa mwanga wa jirani mkubwa. Tena upo mwanga usio wa galaksi yoyote: nyota zilizong'olewa kutoka kwa wenyewe na kuelea katikati ya kundi, mwanga ambao Zwicky aliutaja katika Coma mwaka 1951. Mwanga huo uhesabiwe kwa nani? Swali hili halijibiwi na darubini. Linajibiwa na uamuzi, na uamuzi huandikwa kwa maneno.

Tukiihakiki orodha ya 2011 kwa kigezo hiki, lazima tuisifu. Waandishi walitumia programu mbili tofauti, GALFIT na GIM2D, wakatoa matokeo ya zote mbili. Zaidi ya hayo, walitengeneza galaksi za bandia ambazo tarakimu zake walizijua, wakazipima kwa njia ileile, na kwa kuona programu zilivyokosea wakaweka mipaka ya orodha na viwango vya makosa. Walitamka kwamba hawaingizi galaksi zilizo hafifu kupita daraja la 24.5, wala zile ambazo wastani wa mng'ao wa eneo lake ni hafifu kupita daraja la 26 kwa sekunde-mraba ya pembe. Huo ni unyofu wa kitaaluma: wamesema jicho lao linakoma wapi.

Umuhimu wa kusema hivyo ulionekana mwaka 2015. Van Dokkum na wenzake, wakitumia darubini iliyoundwa kwa kuunganisha lenzi ndefu za kamera za dukani, walitangaza galaksi 47 upande wa Coma ambazo upana wake unaweza kulingana na ule wa galaksi yetu, lakini ni hafifu mno. Kundi lilikuwa limechunguzwa tangu miaka ya 1930. Galaksi hizo hazikuzaliwa mwaka 2015. Zilikuwa chini ya kizingiti cha watazamaji. Aliyesema «tumezihesabu galaksi zote za Coma» alikosea. Aliyesema «tumezihesabu hadi mng'ao fulani» hakukosea, na sentensi yake ni kweli hata leo.

4. «Mapema» na «baadaye»

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Maneno «précoce» na «tardif» ya Kifaransa yanafuata matumizi ya Hubble, aliyezipanga galaksi mwaka 1926 katika mfululizo: kwanza za duaradufu, kisha zenye mikono. Maneno hayo yalikuwa yameshatumika kwa nyota, naye akayaazima. Mwaka 1927 Hubble mwenyewe alionya kwamba yanataja nafasi katika mfululizo tu, na kwamba anayeyapa maana ya wakati anajihatarisha. Onyo lilisahauliwa, maneno yakabaki.

Ubaya wake unaonekana wazi katika makundi. Mwaka 1980 Dressler, baada ya kuchunguza makundi 55, alionyesha kwamba kadiri galaksi zinavyosongamana ndivyo zile zenye mikono zinavyopungua, na zile za duaradufu na za umbo la dengu zinavyoongezeka. Wataalamu wengi wanaeleza sehemu ya jambo hilo kwa kusema kwamba galaksi yenye mikono inayoangukia kundini hupokonywa gesi yake, huacha kuzaa nyota, na mikono yake hufifia. Yaani ile ya «baadaye» hugeuka ya «mapema». Aidha, zile za «mapema» ndizo kwa kawaida zenye nyota zilizozeeka. Basi mwanafunzi wetu alikuwa na haki ya kuuliza, na aliyestahili kuchekwa hakuwa yeye.

Mfasiri afanyeje? Tunapendekeza aache kabisa wakati na ataje umbo: «galaksi za duaradufu», «galaksi za dengu», «galaksi zenye mikono». Jina «dengu» tumelichagua kwa makusudi, kwa sababu neno la kisayansi lenyewe linatokana na jina la Kilatini la nafaka hiyohiyo. Mwanafunzi ataiona galaksi nene katikati na nyembamba pembeni bila kuelezwa mara mbili. Pale ambapo matini ya asili inataja aina mbili za kwanza kwa pamoja, «galaksi zisizo na mikono» inatosha.

5. Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza tumeisikia mara nyingi kwa wenzetu: elimu hii ina lugha zake, tuiache huko. Lakini ni lugha ipi? Zwicky aliandika kwa Kijerumani mwaka 1933 alipoonyesha kwamba galaksi za Coma zinakwenda kwa kasi ambayo maada inayong'aa haiwezi kuizuia, na kwamba ipo maada isiyoonekana. De Vaucouleurs aliandika kanuni yake kwa Kifaransa. Hubble aliandika kwa Kiingereza. Sérsic alichapisha atlasi yake ya galaksi za kusini kwa Kihispania huko Córdoba mwaka 1968. Elimu ya kundi hili ilijengwa kwa lugha nne angalau, na hakuna hata moja iliyoombwa kibali.

Mfano wa Zwicky unafaa kukumbukwa kwa sababu nyingine pia. Alikadiria kwamba maada yote ingepaswa kuizidi ile inayong'aa kwa mara 400 au zaidi. Tarakimu hiyo ilitegemea umbali uliokubaliwa wakati ule, na imepunguzwa sana baadaye. Hoja yake imesimama. Ulinganisho wa maada na nuru unataka nuru ihesabiwe vema. Anayechezea neno «jumla» anachezea mizani ambayo kwayo maada isiyoonekana iligunduliwa.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: mwanafunzi wetu atafanya mtihani kwa Kifaransa, naye akijua «dengu» bila kujua «précoce» atashindwa. Tunakubali. Ndiyo maana hatusemi jina la Kifaransa lifutwe. Tunasema lifundishwe kama jina, na Kiswahili kipewe kazi ya maelezo. Wala hatukatai mikopo: «galaksi» lenyewe ni mkopo, tena lina maziwa ndani yake kwa Kigiriki, na halimdhuru mtu.

Kigezo chetu si asili ya neno bali linachotenda. Wazee wa pwani waliuita mkusanyiko mmoja wa nyota «Kilimia», kwa kitenzi «kulima», kwa kuwa kuonekana kwake kuliwapa ratiba ya shamba. Jina lilitaja kazi ya mtazamaji. Istilahi njema ya vipimo hufanya vivyo hivyo. Kifaransa kinaposema «rayon effectif», msomaji hajui effectif kwa nani. Tunaposema «rediasi ya nusu-nuru», anajua mpimaji ametenda nini.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba orodha ya 2011 ni matini nyofu iliyovikwa msamiati usio mnyofu. Waandishi wake wametaja wanakundi waliothibitishwa, wametaja kizingiti, wametaja makosa. Maneno waliyoyarithi ndiyo yanayosema «jumla» pasipo na jumla kamili, na «mapema» pasipo na wakati.

Kwa wafasiri tunaomba jambo moja tu: tarakimu ya mwanga wa galaksi isiandikwe kwa Kiswahili bila kutaja umepimwa hadi wapi na kwa kanuni gani. Ni maneno matano au sita zaidi katika sentensi. Na kwa yule mwanafunzi, ambaye leo huenda anafundisha mahali fulani, jibu tulilomnyima ukumbini ni hili: hapana, huko Coma wakati haurudi nyuma, ni sisi tuliofasiri vibaya.